Vibao vya mpini wa rivolva vilivyong'ang'ania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu walioshika rivolva mkononi, skrubu imeshalegea, na mbao haisogei hata kidogo. Karibu majibu yote yamejengwa juu ya jambo moja: kibao husukumwa kutoka ndani, hakichokolewi kutoka nje. Ukiwa na haraka soma maswali ya 1, 11 na 14. Kama umeshakwama, nenda sehemu ya "Vinapogoma".

## Kabla ya kugusa skrubu

1. Nianzie wapi?

Toa risasi zote. Fungua silinda, zisukume nje, kisha tazama kila chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Angalia na mtutu, usiwe na kitu ndani. Risasi zenyewe zipeleke chumba kingine kabisa, si kwenye droo ya meza hiyohiyo. Kwa rivolva ambayo silinda yake haitoki pembeni, kama Colt Single Action Army, vuta kinyundo nusu, fungua kilango cha kujazia na uzungushe silinda uone chemba moja moja hadi mzunguko utimie.

Kazi hii ina kugonga, kubana na wakati mwingine kupasha joto. Risasi moja iliyosahaulika inageuza kila hatua ya ukurasa huu kuwa hatari ya kifo. Na kama sheria ya nchi yako inataka silaha ifunguliwe na fundi mwenye leseni peke yake, ishie hapa umpelekee yeye.

2. Vibao hushikwa na nini hasa?

Kwa rivolva nyingi kuna vibao viwili, kimoja kila ubavu wa fremu ya mpini. Skrubu moja hupita kati yake. Kichwa cha skrubu hukalia bushi ndogo ya chuma iliyozamishwa katika kibao kimoja, na ncha huingia katika nati iliyozamishwa katika kibao cha pili. Fremu haina hesi zozote hapo. Skrubu hupita tu kwenye uwazi wake. Chini, karibu na kitako, Smith & Wesson na Colt nyingi zina pini inayokatiza fremu, ncha zake zikijitokeza kidogo pande zote mbili, na kila kibao kina tundu la kuipokea.

Kwa hiyo skrubu ikishatoka, kinachobaki kushika kibao ni pini hiyo, ukingo wa juu uliochongwa kufuata mviringo wa fremu, na chochote kilichojijenga kati ya mbao na chuma kwa miaka. Kibao kinatakiwa kitoke kikielekea pembeni, sambamba na pini. Ukikiinua upande mmoja tu kinajikaba kwenye pini, na tundu lake ndilo linalopasuka.

3. Kwa nini vinang'ang'ania?

Mbao huvimba na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na hufanya hivyo kukatiza nyuzi zake, karibu si kabisa kwa urefu wa nyuzi. Mjozi mweusi, mbao iliyotumika sana kwa mipini ya Marekani, husinyaa karibu asilimia 8 kwa upana tangu ukiwa mbichi hadi ukauke kabisa. Kibao kilichochongwa kikae barabara kwenye fremu kikiwa kikavu kitabana zaidi msimu wa unyevu, na kile kilichokauka mno kitaibana pini.

Kutu ni sababu mbaya zaidi. Jasho lina chumvi, linapenya kwenye mshono na kukaa humo bila kukauka. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, hivyo huijaza ile nafasi ndogo iliyokuwepo na kuikaba mbao kwa nguvu.

Halafu kuna kazi za watu. Mwenye mali wa zamani alipaka vanishi bila kutoa vibao, ikaingia kwenye mshono na kukauka. Au vibao vilikuwa vinacheza, akavitia gundi. Mafuta ya bunduki yaliyochanganyika na vumbi nayo hugeuka utomvu mzito baada ya miaka mingi, ila huo ndio ugomvi mwepesi kuliko yote.

4. Nitajuaje sababu ipi ni yangu?

Chukua taa kali na kioo cha kukuzia, uufuate mshono wa mbao na chuma kuzunguka mpini wote. Utepe unaong'aa unaoendelea kutoka mbao hadi chuma bila kukatika ni vanishi. Vumbi jekundu au kahawia, au mbao iliyonyanyuka kidogo mahali pamoja, ni kutu. Tone gumu linalopitisha mwanga au la kijivu lililotokeza ukingoni ni gundi. Ukiona mstari safi usio na chochote, huenda ni mbao tu imebana, na una bahati.

5. Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi inayolingana na skrubu (swali la 6), kijiti cha mbao ngumu au plastiki chenye unene wa penseli, nyundo ndogo ya plastiki au mpira, taulo nene, taa, na kisanduku cha kuwekea skrubu isipotee. Ukiwa na jiliwa, funika taya zake kwa ngozi au mbao laini. Koleo halihitajiki. Likikuita, liache.

## Skrubu

6. Bisibisi yoyote haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo rivolva nyingi nzuri zilipopata kovu. Bisibisi ya kawaida ya nyumbani ina ncha inayopungua unene kuelekea mwisho, hivyo hugusa midomo ya juu tu ya mfuo wa skrubu. Ukizungusha kwa nguvu hujipandisha yenyewe, inateleza, na inakwangua mbao. Mafundi wa silaha hutumia ncha zilizonolewa ubavu ukiwa wima, zinazojaza mfuo mpaka chini.

Jaribio ni rahisi: ingiza ncha, achia mkono, inamisha rivolva kidogo. Ncha inayofaa husimama yenyewe bila kuyumba. Upana wake usizidi kichwa cha skrubu, la sivyo itachonga duara kwenye bushi.

7. Kuna skrubu nyingine mbele ya mpini, chini. Nayo niifungue?

Usiiguse. Kwenye Smith & Wesson zenye springi kuu ya ubapa, kama za fremu za K na N (ukubwa wa wastani na mkubwa), hiyo ndiyo skrubu inayoisukuma springi ili kinyundo kipige kwa nguvu. Haishiki mbao hata kidogo. Ukiilegeza, risasi zitaanza kukataa kulipuka na utatafuta kosa mahali pengine kwa muda mrefu.

8. Skrubu ya mpini haizunguki kabisa.

Weka tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwenye mzingo wa kichwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Tone, si mnyunyizo: mbao inakunywa mafuta na haiyarudishi. Acha usiku kucha. Kesho yake weka ncha ya bisibisi kwenye mfuo, gonga mgongo wa bisibisi mara chache kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kwanza kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ule mwendo mdogo wa kukaza mara nyingi ndio unaovunja kutu.

Ikikataa, ncha ya pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio, ishikwe juu ya kichwa cha skrubu kwa sekunde kadhaa. Chuma kinatanuka, kikipoa kinaachana na kutu. Usiiache mpaka mbao inuke moshi. Na kama umetia mafuta, yafute kwanza.

9. Skrubu inazunguka lakini haitoki.

Nati ya upande wa pili inazunguka pamoja nayo kwa sababu imeachia ndani ya mbao. Bonyeza uso wa nati kwa kifutio cha penseli au kipande cha mpira, ukandamize kwa kidole gumba huku mkono mwingine ukifungua. Mara nyingi msuguano huo mdogo unatosha.

Isipotosha, rudisha skrubu mpaka kichwa kikae, kisha fungua tena huku mtu mwingine akivivuta vibao viwili kutoka kwenye fremu kwa vidole. Mvuto unaibana nati kwenye kitako chake. Usidondoshe gundi kwenye nati skrubu ikiwa ndani, maana itaingia kwenye hesi na utakuwa umefunga kila kitu kwa pamoja. Gundi ya nati hutiwa baadaye, kibao kikiwa mezani peke yake.

10. Mfuo wa skrubu umeliwa, bisibisi haishiki.

Ukiwa umebaki kidogo, usafishe kwa sindano kwanza. Mara nyingi umejaa uchafu na si kwamba umeliwa. Ukiwa umekwisha kweli, kichwa kitolewe kwa keekee yenye ncha inayokata kinyume cha saa, polepole, kwenye mashine iliyosimama imara. Ncha hiyo huweza hata kuitoa skrubu yenyewe kabla haijamaliza kukata. Kwa mkono usiotulia, kazi hii ni ya fundi. Skrubu mpya ni kitu kidogo, bushi iliyochimbwa pembeni si kitu kidogo.

## Kutoa vibao

11. Njia sahihi ya kutoa kibao cha kwanza ni ipi?

Usitoe skrubu yote. Ilegeze mizunguko mitatu au minne hivi, kichwa kisimame juu ya bushi, lakini hesi ziwe bado zimeshika nati ya upande wa pili vizuri. Laza rivolva ubavu juu ya taulo lililokunjwa, kichwa cha skrubu kikitazama juu, na kitako kikining'inia kidogo ili kibao cha chini kiwe na mahali pa kwenda. Sasa gonga kichwa cha skrubu taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi.

Skrubu inaisukuma nati, nati inasukuma kibao cha chini, na kibao kinatoka sambamba na pini kama kinavyotakiwa. Ukiona mwanya wa nywele ukifunguka pande zote, endelea. Kichwa kikishakaribia bushi tena, fungua mizunguko mingine na ugonge tena. Ukiona mwanya upande mmoja tu, soma swali la 15 kwanza.

Hakikisha hesi zimeshika nati kwa kina cha kutosha. Zikiwa zimeshika kwa mzunguko mmoja tu, pigo litazing'oa.

12. Cha kwanza kimetoka. Cha pili je?

Sasa una uwazi wa fremu mbele yako. Pitisha kijiti cha mbao ndani yake, kikalie upande wa ndani wa kibao kilichobaki, karibu na bushi, na usukume. Kama springi kuu iko njiani, pita pembeni yake, usiiegemee. Sogeza kijiti juu kidogo, chini kidogo, ukisukuma kidogo kila mahali. Kibao cha pili karibu kila mara ni rahisi kuliko cha kwanza.

13. Nimeshatoa skrubu yote kabla ya kusoma hapa. Nimeharibu?

Hapana. Irudishe, ishike nati kwa mizunguko mitano au sita, kisha fuata swali la 11.

14. Kwa nini nisipenyeze kisu au bisibisi bapa kwenye mshono?

Kwa sababu mbao ukingoni ni nyembamba na chuma chini yake hakikubali kubonyea. Nguvu yote inaishia kwenye ule ukingo. Utapata mojawapo ya mambo matatu: kipande kimemeguka, rangi ya fremu imekwanguliwa mstari mweupe, au kibao kimepasuka kuanzia kwenye tundu la pini. Hakuna rangi wala gundi inayorudisha ukingo uliokuwa unakutana na chuma bila mwanya.

Hata kadi ya plastiki, ambayo wengi huiona salama, nisingeianzia. Ina kazi moja: kushikilia mwanya ambao umeshafunguka kwa kusukuma kutoka ndani, usijifunge tena unapohamia upande wa pili.

15. Chini kimeachia, juu hakijaachia. Au kinyume chake.

Kikiwa kimeshikwa juu, kuwa mpole mara mbili. Ile pembe ya mbao inayopanda nyuma ya fremu, chini ya kinyundo, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa kuwa nyuzi za mbao hapo ni fupi na hukatika kwa kidole. Rudisha sehemu iliyoachia ikaribie fremu ili kibao kiwe sawa tena, kisha sukuma kwa kijiti karibu zaidi na juu.

Kikiwa kimeshikwa chini, ni pini. Tundu limebana au kutu imeota kuizunguka pini. Toa kibao cha upande wa pili kwanza. Ncha ya pini itakuwa wazi upande huo, na tone moja la mafuta kwa sindano litaufuata uwazi mdogo kuzunguka pini. Usiigonge pini yenyewe. Ikihama, vibao vyote viwili havitakaa tena sawasawa.

16. Nigonge kwa nguvu kiasi gani?

Kiasi ambacho ungegonga mlango wa chumba anamolala mtoto. Mapigo mengi mepesi yanatikisa kutu na vanishi mpaka viachane. Pigo moja zito linapasua. Kama mapigo thelathini mepesi hayajaleta hata mwanya, tatizo si uhaba wa nguvu. Hamia sehemu inayofuata.

## Vinapogoma

17. Nimwagie mafuta ya kulegeza kutu kwenye mshono?

Ni jambo la kwanza watu wanalofikiria na ningetamani liwe la mwisho. Mafuta hupenya mbao haraka kuliko yanavyopenya kutu. Mbao inakuwa nyeusi, inalainika ukingoni, na baadaye gundi wala vanishi haishiki tena. Tumia pale tu ulipoona kutu kwa macho, tone moja moja kwa sindano, rivolva ikiwa imelazwa ili mafuta yakae upande wa chuma. Kwa vanishi au gundi hayana faida yoyote.

18. Joto je?

Joto la wastani ni rafiki mzuri, mradi umepitia swali la 1 upya. Pasha kwa draya ya nywele, ukiizungusha bila kutulia mahali pamoja, ukilenga chuma cha mbele na nyuma ya mpini zaidi ya mbao. Chuma kikiwa cha moto kiasi kwamba huwezi kukishika zaidi ya sekunde chache, uko karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na inatosha. Uchafu wa mafuta huyeyuka, vanishi za zamani hulegea, na gundi nyingi za epoksi huanza kupoteza ugumu. Springi na rangi ya bluu ya chuma havidhuriki kwa joto hilo.

Usitumie moto wa wazi, wala oveni, wala kile kipulizo cha kuondolea rangi za ukuta. Na kamwe usipashe mahali palipotiwa spiriti au asetoni.

19. Nimesikia kuweka kwenye friza kunasaidia.

Kwa mbao haisaidii. Mbao husinyaa ikikauka, siyo ikipata baridi. Rivolva ikitoka kwenye friza huvaa umande juu na ndani, na umande huo ndio mwanzo wa kutu mpya. Kinachosaidia mbao iliyovimba ni kukaushwa polepole: fungia rivolva kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu kwa siku kadhaa, kisha jaribu tena. Ila kama kibao kimebana pini kwa ukavu, kukausha zaidi kutazidisha. Hapo kiache mahali penye hewa ya kawaida, kipate unyevu wake.

20. Vanishi imeziba mshono wote. Nifanyeje?

Ikate kabla ya kusukuma, la sivyo itanyanyuka na vipande vya mbao. Wembe mpya, ncha tu, ipite kwenye mshono mara nyingi bila kukandamiza, ikiegemea mbao badala ya chuma. Hapa wembe hautumiki kubandua, unakata tu. Ukishapata mwanya, uzi wa kusafishia meno upitishwe na kuvutwa huku na huku kama msumeno. Hufika mahali ambapo wembe haufiki.

Kama ni shelaki, aina ya vanishi iliyo ya kawaida kwenye vitu vya zamani, pamba yenye spiriti kidogo itailainisha baada ya dakika chache. Itaharibu na mng'ao wa juu ikigusa, kwa hiyo tumia kijiti chembamba cha pamba na ufute papo hapo.

21. Nadhani vimegundishwa.

Inategemea gundi. Supagluu huyeyuka polepole kwa asetoni, na pia ni dhaifu dhidi ya mapigo mafupi, kwa hiyo swali la 11 mara nyingi linatosha lenyewe. Asetoni huondoa vanishi na huyeyusha plastiki nyingi, tena inashika moto upesi. Fungua madirisha.

Epoksi iliyokauka haitishwi na asetoni. Dawa yake ni joto la swali la 18, likishikiliwa dakika kumi na zaidi ili lifike ndani, kisha kusukuma taratibu chuma kikiwa bado cha moto. Usitegemee pigo hapa, tegemea msukumo wa kudumu. Jiliwa lenye taya laini linaweza kuusukuma kijiti kwa robo mzunguko kila baada ya dakika moja. Kama mtu alijaza epoksi uwazi wote wa fremu, na wapo waliofanya hivyo, kubali kwamba kibao kimoja huenda kikatolewa vipande. Amua mapema ni kipi.

22. Nimejaribu yote. Je, nikate mbao?

Kama vibao ni vya kawaida na vya kubadilishwa vinapatikana, ndiyo, ni afadhali kukata mbao kuliko kuumiza fremu. Kata kwa patasi kutoka katikati kuelekea nje, ukiacha mbao nyembamba juu ya chuma, kisha chambua mabaki kwa kijiti. Kama ni vya asili na rivolva ni ya zamani, usikate. Peleka kwa fundi na umweleze kila ulichojaribu, hasa mafuta na gundi, ili asirudie.

## Mipini isiyofuata utaratibu huo

23. Mpini wangu hauna skrubu ubavuni.

Kuna namna mbili kubwa. Colt Single Action Army ya mwaka 1873 na nyingi zilizofuata mtindo wake zina mpini wa mbao wa kipande kimoja, uliobanwa kati ya ubapa wa nyuma na kilinzi cha kifyatulio. Hapo hakuna cha kugonga pembeni. Hufunguliwa skrubu mbili za nyuma zilizo pande mbili za kinyundo na moja ya kitakoni, kisha ubapa wa nyuma huvutwa na mbao hufuata kuelekea nyuma. Ukiusukuma mpini huo pembeni utaupasua.

Namna ya pili ni mipini ya kisasa ya kipande kimoja kama Monogrip ya Hogue. Skrubu iko kitakoni na hushika kibano kidogo cha chuma kilichokumbatia ile pini ya fremu. Skrubu ikitoka, mpini huteremka chini. Ukikwama, shika fremu na ugonge ukingo wa juu wa mpini kuelekea chini, kwa kijiti cha mbao, mbele na nyuma kwa zamu.

24. Vibao vyangu ni vya mpira mgumu mweusi wa zamani. Nifuate maelekezo haya?

Swali la 11, ndiyo, kwa nusu ya nguvu. Joto, hapana. Mpira huo huwa mkavu sana kwa umri na huvunjika bila kuonya, na maji ya moto huubadilisha rangi kuwa kahawia. Asetoni isiukaribie.

25. Na vya pembe za ndovu au ganda la chaza?

Visisikie joto wala kemikali yoyote. Pembe hupata nyufa kwa mabadiliko ya ghafla ya ukavu, na ganda la chaza hupasuka kwa pigo dogo. Sukuma kwa kijiti tu, na zikikataa mpelekee fundi aliyewahi kuzishika. Kumbuka pia kwamba biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imezuiwa chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1990, kwa hiyo kibao kikivunjika huwezi kuagiza kingine tu.

## Baada ya kutoka

26. Ndani ya kibao kuna namba au maandishi ya penseli.

Usiyafute! Kwenye Smith & Wesson nyingi za zamani namba ya rivolva ilipigwa au kuandikwa upande wa ndani wa kibao cha kulia, na ikilingana na ile iliyo kitakoni ni ushahidi kwamba vibao ni vyake tangu kiwandani. Piga picha, kisha safisha sehemu nyingine kwa brashi kavu tu. Alama ya almasi kuzunguka tundu la skrubu nayo ni ya kuitunza. Kiwanda hicho kiliiacha mwaka 1968.

27. Chini yake kuna kutu, na mbao ina madoa meusi.

Kutu nyepesi isugue kwa pamba ya chuma laini kabisa yenye mafuta, ukiishia pale ambapo mbao itafunika. Mashimo yaliyoliwa yaache yalivyo, yakiwa makavu na yenye mafuta hayaendelei. Madoa meusi hutokana na tanini ya mbao kukutana na chuma penye unyevu. Yakiwa ndani, hayana madhara.

28. Kibao kimepata ufa.

Kama ufa ni mpya na mbao ni safi, gundi nyepesi ya mbao, kibano chenye pedi, na siku nzima ya kusubiri. Kama mbao imelowa mafuta, gundi haitashika mpaka uyatoe: paka uji wa chaki ya unga na asetoni, uache ukauke, ufute, urudie mpaka chaki ibaki nyeupe.

29. Kurudisha kuna ujanja?

Kaza tu mpaka kichwa kikae, basi. Kosa kubwa ni kutumia skrubu kuvuta vibao viingie kwenye pini. Viingize kwa mkono kwanza, pini ikae kwenye tundu, vibao vifike kwenye fremu, ndipo skrubu ije kuvishikilia.

30. Nifanye nini visigande tena?

Paka fremu chini ya mbao nta nyembamba sana, uing'arishe ikauke. Nta ni bora kuliko mafuta hapa kwa sababu haihamii kwenye mbao. Upande wa ndani wa mbao nao upate nta au mafuta ya kitani yaliyokauka vizuri, kwa kuwa viwandani mara nyingi huachwa bila kinga. Kisha vitoe vibao mara kwa mara: kila rivolva ikinyeshewa, kila baada ya siku ya jasho jingi, na kama haitumiki, walau mara moja kwa mwaka.

31. Vibao vipya vinabana mno hata kabla ya kuvifunga. Vitanigandia navyo?

Ndiyo, usivilazimishe. Paka masizi ya mshumaa au rangi ya penseli kwenye pini na ukingo wa fremu, bonyeza kibao, kitoe, utazame pameguswa wapi. Punguza hapo tu, kwa upande wa ndani, kwa msasa laini uliozungushwa kwenye kijiti. Tundu la pini lipanue kwa ncha ya keekee iliyoshikwa kwa vidole, mzunguko mmoja mmoja, mpaka kibao kiingie na kutoka kwa shinikizo la gumba. Ukingo wa nje usiuguse, kwa sababu ndio unaoonekana.

Kama ni mbao ya jamii ya mpingo au kokobolo, vaa barakoa unapopiga msasa. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua cha watu wengi. Na fanya kazi hii siku ya hewa ya kawaida kwako, si siku ya mvua kubwa, usije ukapunguza uvimbe ambao ungeondoka wenyewe.